Doreen Wachtel Pruitt (1947–2019), Mwandishi wa Mwongozo wa Wazazi wa Bwawa la Fallow Creek

Marehemu Doreen Kathleen Pruitt, ambaye wengi mliomo humu kanisani mlimwita Bi Doreen na wachache mliacha kumwita kabisa, alizaliwa Jumanne tarehe 11 Februari 1947 mjini Altoona, jimbo la Pennsylvania. Alikuwa wa kwanza kati ya mabinti wawili wa Mzee Emil Wachtel, fundi wa injini za garimoshi, na mkewe Hedwig. Siku hiyo theluji ilikuwa imeziba mlango wa mbele, ikabidi mkunga aingizwe kwa dirisha la jikoni, miguu kwanza. Mama yake alikuwa akisema kwamba Doreen alifungua macho akakuta watu wanapita madirishani, na tangu hapo hakuacha kuwaonyesha mlango ulipo.

Kiangazi cha 1953, akiwa na miaka sita, halmashauri ya mji ilifunga bwawa la kuogelea kwa hofu ya polio. Lilipofunguliwa tena, Doreen alikuwa amekwisha kujifunza kuyaogopa maji, na hofu iliyofundishwa vizuri haihitaji marudio. Jambo hili halikuwahi kutangazwa. Familia inalitangaza leo kwa kuwa haliwezi tena kumpunguzia kitu: mwanamke aliyesimamia mashindano ya kuogelea ya Fallow Creek kwa miaka thelathini na mitatu hakujua kuogelea. Maji yakimfika magotini, aligeuka akarudi.

Alimaliza shule ya sekondari Juni 1965, akaingia chuo cha ualimu, akahitimu katika somo la historia mwaka 1969. Alifundisha mwaka mmoja tu. Watoto alielewana nao vizuri. Wazazi wao ndio waliomshinda. Mwezi Septemba 1970 alihamia Virginia, akaajiriwa katika ofisi ya hati za ardhi ya wilaya, na huko alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2009. Kazi yake ilikuwa kusoma hati kabla hazijapigwa mhuri. Mwaka 1983 aligundua kwamba uzio wa bwana mmoja umeingia katika kiwanja cha jirani kwa futi moja na nusu. Bwana huyo alikuwa kaka wa mkuu wa ofisi. Mkuu akamwita, akafunga mlango, akamwuliza kwa upole, "Doreen, hivi futi moja na nusu ni kitu gani?"

"Ni futi moja na nusu," alijibu.

Akahamishiwa chumba cha chini kabisa, kisicho na dirisha, kwa miaka miwili. Aliporudi juu alikuwa amepanga upya faharasa yote ya hati za tangu 1890, na hakuna aliyemwomba radhi wala aliyemshukuru. Yeye mwenyewe hakuona kwamba kuna lililopungua.

Ofisini humo ndimo alimokutana na Vernon Pruitt, mhandisi wa mitaro ya maji machafu, aliyekuja kutafuta ramani ya mtaro mmoja wa barabara ya Quarry. Alirudi mara sita kutafuta ramani ileile. Mara ya saba Doreen alimwambia, "Bwana Pruitt, ama mtaro huo unahamahama, ama una jambo jingine." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Juni 1971, wakajaliwa Gail mwaka 1974 na Russell mwaka 1977. Walinunua nyumba mtaa wa Fallow Creek, ambako kila familia huwa mwanachama wa bwawa la mtaa, na kila mtoto anayeweza kuelea huandikishwa katika timu ya kiangazi, akitaka asitake. Vernon alifariki Oktoba 2003 akiwa juu ya ngazi, anatoa majani kwenye mfereji wa paa. Alikuwa mtu mpole, na kama angekuwapo mwaka 2014, huenda wasifu huu ungekuwa mfupi zaidi.

Sasa tufike penye jambo ambalo marehemu anajulikana kwalo. Jumamosi tarehe 20 Juni 1981 alimpeleka Gail, mwenye miaka saba, kwenye mashindano yake ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. Alitandika blanketi chini ya mti, akamvika mtoto miwani ya kuogelea, akaenda kupanga foleni ya kahawa. Aliporudi akamwuliza mama mmoja aliyeshika karatasi, "Samahani, Gail wangu anaogelea saa ngapi?"

"Gail yupi?"

"Gail Pruitt. Chali, wasichana wa miaka minane na chini."

"Hiyo imepita, dada. Kwani hukumpeleka kwenye mabenchi?"

"Mabenchi gani?"

"Mabenchi! Wanakokusanywa watoto kabla ya zamu yao. Kila mtu anajua mabenchi."

"Na mimi je, si mtu?"

Gail alilia njia nzima. Jioni ile Doreen alikaa mezani na mashine yake ya chapa, akaandika kurasa nne alizoziita "Mwongozo wa Mzazi". Kufikia mwaka 2014 zilikuwa kurasa kumi na nne. Kila Mei zilitolewa nakala zikagawiwa, na mabwawa ya jirani yakaziiba, yakibadilisha jina la bwawa tu na kuacha hata makosa yake ya chapa. Hakulalamika. Alisema mwizi wa mwongozo angalau ameusoma.

Mliomo humu mmelelewa na kurasa hizo, lakini si vibaya zikasikika tena kwa maneno yake. Kuhusu namba aliandika: "Mwandike mtoto mkononi, kwa kalamu ya wino mzito, namba ya shindano, ya kundi na ya njia atakayoogelea. Usimwandike 'nakupenda'. Karani wa mabenchi hana njia ya namba hiyo." Kuhusu chakula: "Mtoto atakula unga mkavu wa jeli kutoka kiganjani mpaka ulimi uwe wa kijani. Kila mwaka huwa hivi. Hakuna aliyekufa." Kuhusu radi: "Kila ngurumo tunatoka majini, tunahesabu dakika thelathini upya. Kumkasirikia refa hakupunguzi ngurumo." Kuhusu saa za kupimia: "Kila njia ina watu watatu wenye saa, na muda wa kati ndio unaoandikwa. Ukimshangilia mwanao ukasahau kubonyeza, umemwibia mtoto wa mwenzio." Na kuhusu safari ya kurudi nyumbani, mstari ambao Gail anasema ndio pekee aliowafundisha watoto wake mwenyewe: "Ndani ya gari usimtajie muda wake. Anaujua. Mnunulie aiskrimu."

Kulikuwa na mstari mwingine, ukurasa wa kumi na moja. "Mzazi asihukumu njia anayoogelea mwanawe. Si kwamba atampendelea. Ataogopa kumpendelea, na hilo ni baya zaidi."

Alianza kama karani wa mabenchi, akawa mkuu wa wapima muda, na kuanzia mwaka 1996 akawa jaji, mwenye kofia ya kitambaa na shati jeupe lililopigwa pasi. Msimfikirie kuwa mtu mkavu. Kiangazi cha 1999 mtoto mmoja wa miaka sita aliishiwa nguvu katikati ya bwawa, akaning'inia kwenye kamba ya njia, wenzake wote wakiwa wameshatoka majini. Kocha alitaka kumvuta nje. Doreen akamzuia. Yeye asiyejua kuogelea alichuchumaa ukingoni, viatu vimeloa, akawa anasogea hatua kwa hatua sambamba na yule mtoto, akimwambia, "Mkono mmoja tu, mwanangu. Sasa huo mwingine. Nani kakuambia tuna haraka?" Mtoto alifika. Bwawa zima lilisimama. Wapima muda walitaka kuandika dakika nne kamili, ionekane nadhifu. Doreen akasema hapana, ni dakika nne na sekunde kumi na mbili, kazifanyia kazi zote. Mtoto alimwuliza, "Nimeshinda?" Akamwambia, "Umefika." Mtoto huyo leo ni daktari wa meno, amekaa safu ya tano, na ndiye aliyeleta maua ya manjano.

Mwanawe Russell aliogelea timu hiyo tangu akiwa na miaka mitano. Alikuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1992, timu ilipotwaa ubingwa wa kanda, na kwa miaka mingi baada ya hapo haikuutwaa tena. Alikua, akaoa Kendra, akanunua nyumba mtaa huohuo, nyumba kumi na moja kutoka kwa mama yake, na mwaka 2011 akachaguliwa mwenyekiti wa timu. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja na familia yake kwa Doreen kula kuku wa kuoka. Binti yao mkubwa, Hadley, alikuwa na mtindo huru mzuri kuliko watoto wote wa umri wake, na bibi yake alimwambia hivyo mara moja tu kwa mwaka, ili isizoeleke.

Jumamosi tarehe 26 Julai 2014 ilikuwa fainali ya kanda, nyumbani, bwawani kwetu. Lilibaki shindano moja: wasichana, mtindo huru, kupokezana, waogeleaji wanne kwa zamu. Fallow Creek ilihitaji kushinda hilo tu. Katika kupokezana, mwogeleaji haruhusiwi kuondoka kwenye kibao cha kurukia kabla mwenzake hajagusa ukuta, na kila njia husimamiwa na jaji wa kuangalia miguu na mkono. Jaji wa njia ya tatu, njia yetu, alikuwa mzazi mmoja aliyekwenda kuhamisha gari lake na kukuta foleni ya kutoka imefunga barabara. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka magharibi. Russell alimkimbilia mama yake, aliyekuwa amekaa kivulini amemaliza zamu yake.

"Mama, njoo usimame njia ya tatu."

"Hadley yuko njia ya tatu."

"Mwongozo unasema mzazi, Mama. Wewe ni bibi."

"Hilo ni pengo la mwongozo, Russ. Si ruhusa."

"Refa anasema bila jaji hatuanzi, na ikinguruma tu tumekwisha, matokeo yanabaki hivihivi. Simama tu pale, Mama. Dakika mbili."

"Nikisimama, nitaona."

"Simama, Mama. Nakuomba."

Akasimama. Hadley, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa wa tatu. Miguu yake iliacha kibao mkono wa mwenzake ukiwa bado haujafika ukutani kwa upana wa kiganja. Doreen akatoa karatasi mfukoni, akaandika njia, mwogeleaji na kosa, akatia saini, akampelekea refa. Wakati anatembea, wa nne wetu alikuwa wa kwanza kugusa ukuta. Watoto hamsini walirukia majini na nguo zao. Kocha alitupwa. Russell aliingia na viatu, analia kama siku aliyozaliwa Hadley. Refa alisoma karatasi mara mbili, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyekabidhiwa nepi, kisha akapuliza filimbi. Timu yetu ilifutwa katika shindano hilo. Tukashindwa kwa pointi nne.

Russell alikuja maji yanamchuruzika. "Mama, umefanya nini?"

"Nimesimama."

"Aliondoka kwa kiasi gani? Kiasi gani hicho?"

"Kiasi cha kuondoka."

Nyuma yake watu walikuwa wameshaanza. "Mjukuu wake mwenyewe, jamani." "Angeangalia pembeni, kingemtoka nini?" "Umri ule, hayo macho yenyewe yanaona nini? Miwani ya kusomea ile!" Kendra alisema, si kwa sauti ya chini, "Wengine hubarikiwa bibi, sisi tumepewa polisi." Hao waliosema hayo walikuwa wanywaji wa juisi ya limau aliyowatengenezea kila kiangazi kwa miaka mingi. Wahenga walisema msema kweli hana wajoli. Hawakutuambia kama watoto wake wa kuzaa nao wamo katika hesabu.

Habari ya macho ndiyo iliyoshika. Kufikia Jumatatu ilikuwa imekuwa kauli rasmi. Russell mwenyewe alimwambia kila aliyemwuliza, kwa sauti ya huruma, "Mama anazeeka, hakuona vizuri. Tumsamehe tu." Doreen alikwenda kwa daktari wa macho Jumanne, akapewa cheti kwamba anaona mbali kama kijana, akakipeleka kwenye kamati ndani ya bahasha. Oktoba alikwenda kuichukua. Ilikuwa haijafunguliwa.

Mwezi huohuo kamati, chini ya mwenyekiti wake, ilipitisha kanuni kwamba majaji wote wawe wazazi wa watoto wanaoogelea msimu huo. Kanuni hiyo ilimgusa mtu mmoja katika mtaa wenye kaya mia tatu na kumi. Ilifuatana na barua ya shukrani na kiti cha kukunja chenye rangi za timu na mahali pa kuwekea kikombe. Kiti hicho bado kimo kwenye mfuko wake. Mwaka uliofuata mwongozo ulihamishiwa kwenye simu za watu, kurasa zikawa tatu, jina lake likaondolewa. Mahali pa ule mstari wa ukurasa wa kumi na moja pakawekwa: "Tukumbuke, lengo ni kufurahi!"

Hayo yote aliyabeba. Lililomshinda ni Jumapili. Familia ya Russell haikuja tena. Russell alipunga mkono akipita na gari, Krismasi ikaja kadi yenye picha yao wote wamevaa sweta zinazofanana, na zawadi za watoto Doreen akawa anazituma kwa posta, nyumba kumi na moja. Kwa miaka mitano aliendelea kuoka kuku mzima kila Jumapili, na kila Jumatatu akala wa jana. Hakutaka barua ya kamati ifutwe, wala jina lake lirudishwe. Alitaka mwanawe aje akae jikoni, aseme mara moja kwamba mama yake aliona alichoona.

Mdogo wake, Bi Lois, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alimshauri vibaya. Alimwambia, "Dada, mwambie tu kwamba huenda hukuona sawasawa. 'Huenda' ni neno dogo. Halina hata mwenyewe."

Doreen alikuwa anamenya viazi. "Nikimwambia hivyo atarudi?"

"Kesho asubuhi."

"Na siku nikimwambia kitu kingine, ataniamini kwa lipi?"

Viazi vilikuwa vimekwisha.

Novemba 2018 alianza kulalamika tumbo, yeye asiyelalamika, na madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Gail alihama kutoka Duluth na mizigo miwili, akaja kumwuguza. Kuanzia Mei mwaka huu aliuguzwa nyumbani, kitanda kimewekwa chumba cha mbele, karibu na dirisha linalotazama mtaa. Timu ilileta kikapu cha matunda. Kadi ilikuwa na saini kumi na nne, ya mwenyekiti ikiwa ya tatu.

Jumapili tarehe 9 Juni, Hadley alikuja peke yake. Sasa ana miaka kumi na saba. Alikuja na gari, nyumba kumi na moja, kwa sababu, alisema, kama angetembea angepata muda wa kubadili nia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba bado begani.

"Bibi, niliondoka mapema."

"Najua, mpenzi."

"Nilijua nikiwa bado hewani. Kabla hata sijagusa maji."

"Huwa hivyo. Miguu hujua kwanza."

"Nilimwambia baba."

Doreen akageuza kichwa. "Ulimwambia lini?"

"Siku ileile. Kwenye gari, kabla hatujafika nyumbani. Nikamwambia, 'Baba, Bibi kasema kweli.'"

"Akasemaje?"

Hadley alianza kulia. "Akasema, 'Hilo liishie humu garini.'"

Gail alikuwa mlangoni, Lois alikuwa kwenye sinki, na hakuna aliyethubutu kufunga maji. Kisha Doreen akasema, taratibu, kama mtu anayesoma hati ya zamani, "Kumbe aliniamini. Miaka yote mitano aliniamini."

Waliokuwapo hawajui kama ilikuwa faraja au ndiyo iliyommaliza. Mwenyewe alisema tu, "Lois, kuna keki ya ndizi. Mkatie mtoto."

Hadley alikuja kila siku tangu hiyo. Doreen hakumwuliza tena habari za 2014. Alimfundisha kuoka kuku, akiwa kitandani, kwa kupaza sauti kuelekea jikoni. Lakini jioni ya Juni 9 alimwagiza Gail, "Mpigie Russ. Mwambie aje tu. Mwambie sitamwuliza kitu."

Gail alipiga. Russell alisema atapita Jumamosi, baada ya mashindano. Jumamosi ya kwanza radi ilichelewesha mashindano mpaka alasiri. Ya pili yalikuwa ugenini. Ya tatu kulikuwa na picha ya timu, ya nne mashine ya king'ora cha kuanzishia mashindano ilikufa na yeye ndiye mwenye funguo za stoo, ya tano ilikuwa nusu fainali. Kila wiki alimaanisha. Familia inapenda hilo lieleweke. Kila wiki Doreen aliomba achanwe nywele Jumamosi asubuhi.

Marehemu Doreen alifariki dunia Jumamosi tarehe 20 Julai 2019, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nywele zimechanwa, mkono wake mmoja ukiwa mkononi mwa Gail na mwingine mkononi mwa Hadley, ambaye siku hiyo alitakiwa kuogelea fainali ya kanda na hakwenda. Kelele za bwawa zilisikika dirishani. Russell alifika saa saba na dakika arobaini mchana. Filimbi ilikuwa shingoni, na puani alikuwa na mafuta meupe ya kuzuia jua. Timu ilikuwa imeshinda ubingwa, wa kwanza tangu 1992. Hakulisema hilo. Alisimama jikoni, akamwuliza mama yake mdogo, "Aliniulizia?"

"Tangu mwaka elfu mbili na kumi na nne," Lois alimwambia.

Jumatatu alipiga simu kuhusu mazishi. Alizungumza vizuri kuhusu nyimbo na maua. Mwishoni akasema, "Mama mdogo, kwenye wasifu, yale mambo ya mashindano tuyaache. Si mahali pake."

"Tukiyaacha, Russ, tutabaki na nini? Alizaliwa na kufa?"

"Watu watakuwapo pale."

"Ndiyo maana wasifu huandikwa."

Lois angeweza kulegea. Ana umri wa kulegea, na yule bado ni mtoto wa dada yake. Hadley ndiye aliyechukua simu. Alisema, "Baba, soma uone kama kuna uongo. Ukiupata, niambie mstari, nitaufuta mimi mwenyewe." Karatasi zilipelekwa kwake Jumanne asubuhi. Zilirudi Jumatano ndani ya bahasha iliyofunguliwa. Hakuna mstari uliokatwa. Chini ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wa Russell, nayo yamechapwa kwenye programu hii kwa ruhusa yake, pale yalipokuwa: "Mama aliona."

Marehemu ameacha watoto wawili, Gail wa Duluth, na Russell, ambaye amekaa safu ya mbele, na leo amefika kabla ya watu wote. Ameacha mkwe mmoja, Kendra. Wajukuu wanne, Hadley, Brooks, Annika na Soren. Na mdogo wake, Lois Wachtel. Baada ya maziko kutakuwa na chakula nyumbani kwake. Kuku ameokwa na Hadley. Wote mnakaribishwa, na hii ni pamoja na mnaofikiri hamkaribishwi.

Mungu ampumzishe Doreen. Alichoka muda mrefu, na hakusema.